Kihamba na Mkono Unaokilima

Ikifika juma la pili la Januari, barabara itokayo Himo kupanda Marangu na Mwika, na zile zitokazo mjini Moshi kuelekea Uru, Kibosho na Machame, huwa zimerudia upweke wao wa kawaida. Magari yaliyojipanga kando ya migomba tangu mkesha wa Krismasi yamekwisha kurejea Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Nairobi. Mageti ya chuma ya nyumba zilizojengwa kwa fedha nyingi na kulalwa kwa siku kumi na nne tu yametiwa minyororo. Na katika kila boma, pale ambapo juzi walikuwapo watu ishirini wakila ndafu na kunywa mbege, amebaki mama mmoja wa makamo, au bibi kizee kabisa, ana panga mkononi, anapunguza majani makavu ya mgomba kama alivyofanya jana, na mwaka jana, na mwaka ule alioletwa hapo kuwa bibi harusi.

Nimekusudia leo kusema habari ya mama huyo na ya ardhi anayoilima, kwa kuwa naona mazungumzo marefu tunayoyasikia juu ya kufufua kahawa ya Kilimanjaro, yaliyojaa hotuba za mbegu, mbolea, mnada na ushirika, hupita kando ya jambo lenyewe. Ugonjwa wa kwanza wa kihamba ni kwamba mwenye amri juu yake hayupo, na aliyepo hana amri. Na ili msomaji asije akanidhania kuwa nimejificha, namwambia mapema kwamba mimi ni mtoto wa mlima huu, mtoto wa kiume wa kati, ambaye kwa mila yetu hakurithi hata shina moja la mgomba. Basi mwenye kunituhumu kwamba nina kinyongo ana haki ya kunisoma kwa tahadhari.

Kwa ndugu zangu wa Lindi au Kigoma ambao hawajapata kukiona, kihamba si shamba kama wajuavyo shamba. Ni kipande cha ardhi, aghalabu kidogo kuliko uwanja wa mpira, kilichozunguka nyumba, ambamo mimea imepangwa tabaka juu ya tabaka: juu kabisa mringaringa na mfuruanje kwa kivuli na mbao, chini yake mgomba, wa mshare kwa mtori na wa aina nyingine kwa kuivishwa na kupikiwa mbege, chini ya mgomba mbuni, chini ya mbuni magimbi na mboga, na kiazi kikuu kikiparamia mti wowote kitakaoupata. Ng'ombe hatoki zizini. Majani yake huletwa kichwani, mara nyingi kutoka tambarare ya chini, safari ya saa nzima au mbili, na samadi yake hurudishwa kwenye shina la mgomba, kwa hiyo ardhi ile ile imelimwa kizazi baada ya kizazi bila ya kuchoka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliyaona haya likastaajabu, na mwaka 2011 likaviandika vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Ni heshima kubwa, wala siidharau; lakini katika sifa zote zilizoandikwa juu ya tabaka za miti sikuona mahali palipoulizwa ni kichwa cha nani kilichobeba yale majani.

Jibu lake kila Mchagga analijua. Ni kichwa cha mwanamke.

Maji nayo yana habari yake. Mababu waliyatoa mbali katika makorongo ya mito, wakayaongoza kwa mifereji tunayoiita mifongo, ikipita kwenye kingo za majabali na mara nyingine ndani ya magogo yaliyochongwa ili ivuke bonde, kwa hesabu ya mteremko iliyowashangaza wahandisi wa Ulaya waliokuja baadaye na vyombo vyao vya kupimia. Kila mfongo ulikuwa na ukoo ulioufukua na mzee wake, meni mfongo, mwenye kugawa zamu na kuwaita watu kwenye kazi ya kusafisha. Na sharti lilikuwa moja lisilopinduliwa, kwamba asiyetokea kusafisha mfongo hapati maji. Naomba sharti hilo lihifadhiwe akilini, maana nitalirudia.

Historia ya mlima huu katika vitabu vya wageni huanza na theluji: Johannes Rebmann aliiona tarehe 11 Mei 1848, mabwana wa London wakamkatalia kwamba barafu haiwezi kukaa karibu na mstari wa ikweta, kisha Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni mwezi wa Oktoba 1889. Watu wa chini ya mlima walikuwa na shughuli nyingine. Mangi (yaani chifu) Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walikuwa wakishindana kwa vita na kwa biashara ya pembe na misafara ya pwani. Na Wadachi walipokuja kusimamisha utawala wao kwa bunduki, Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwapinga, akanyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na Mangi Molelia wa Kibosho na wenzao wengine. Baada ya hapo ardhi nzuri ya kiunoni mwa mlima, kati ya vihamba vya juu na tambarare ya chini, ikakatwa vipande na kupewa walowezi, na reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911 kuja kuchukua mazao yao. Mchagga akabanwa: juu yake msitu wa serikali, chini yake mashamba ya wageni, na katikati watoto wanaozidi kuzaliwa.

Kahawa ilikuwapo tayari. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliokaa Kilema tangu 1890 waliipanda katika viwanja vya misheni, na kutoka hapo mbegu ikatambaa kwa masista, makatekista na wamangi waliopenda mambo mapya. Lakini kuwa na mibuni michache uani ni jambo moja, na kuwa mkulima anayetambuliwa ni jambo jingine, na hapa ndipo walipotokea watu wawili ambao majina yao hayana budi kutajwa. Wa kwanza ni Charles Dundas, Mwingereza aliyeongoza serikali katika wilaya ya Moshi baada ya Vita ya Kwanza, ambaye kinyume cha rai ya walowezi aliwahimiza Wachagga wapande arabika. Wa pili ni Joseph Merinyo, Mchagga aliyejua kalamu na kujua hesabu, ambaye mwaka 1925 alishirikiana na wenzake kuunda chama cha wapandaji kilichojulikana kwa herufi za KNPA, kiwapatie wakulima dawa za kunyunyizia na bei ya insafu. Walowezi walipiga kelele hata zikasikika Dar es Salaam na London. Walisema kahawa ya Mwafrika italeta magonjwa katika mashamba yao, itaficha wizi, na zaidi ya yote, ingawa hili walilisema kwa sauti ndogo, itawanyima vibarua. Walishindwa. Mwaka 1933 chama kile kikabadilishwa kuwa KNCU, umoja wa vyama vya ushirika ambao jina lake hata leo limo katika vinywa vya wazee kana kwamba ni jina la mtu wa ukoo.

Nisije nikaipamba historia kupita kadiri yake. Mwaka 1937 ghasia zilizuka mlimani, watu wakipinga amri ya kuuza kahawa yao kwa KNCU pekee, na walikuwa na hoja. Lakini ukitazama kwa jumla, ushirika ule ulijenga jambo ambalo sehemu nyingi za Afrika zililikosa: mkulima mwenye nusu eka aliyepima kahawa yake mwenyewe mizanini, akatiwa jina lake daftarini, akajua kwamba kura yake katika mkutano ni sawa na kura ya jirani mwenye eka tatu. Kahawa ilikobolewa Moshi, ikauzwa mnadani Moshi. Na miaka ya 1950, Thomas Marealle alipokuwa Mangi Mkuu, Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake, *Komkya*, ambamo habari za bei na za siasa zilichapwa kwa Kiswahili safi. Leo ni nani mlimani anayesoma bei ya kahawa gazetini?

Fedha ile iliyotoka mnadani ilikwenda wapi? Ilikwenda shuleni. Wamisheni wa Kilutheri waliokuja tangu 1893 na Wakatoliki wa Kilema na Kibosho walishindana kufungua madarasa, nao wazazi wakashindana kuyajaza, hata ikawa desturi kwamba gunia la kwanza la kahawa lina jina la mtoto juu yake kabla halijafungwa. Ada yangu mimi ililipwa hivyo. Nakumbuka marehemu mama akianika kahawa juu ya kichanja cha matete, akiichambua punje moja moja, akiondoa iliyopasuka na iliyoliwa na wadudu, nami nikiwa mtoto nisiyejua kwamba anayoichambua ni kalamu yangu na sare yangu na, mwishowe, tikiti yangu ya basi la kuondokea. Maana elimu ile haikumfundisha mtoto yeyote kurudi kwenye mbuni. Ilimfundisha uhasibu, udaktari, uanasheria na uchungaji. Ikatoa magavana wa benki, mawaziri na matajiri, ambao fahari yao ni fahari yetu sote. Na kadiri ilivyofaulu, ndivyo boma lilivyopungukiwa na mikono. Simlaumu mtu kwa hilo. Watoto walitumwa waende, nao wakaenda.

Kuanguka kwa kahawa kwenyewe nitakupitia haraka, kwa kuwa kumesimuliwa mara nyingi. Ugonjwa wa chulebuni uliingia ukala punje zikiwa bado mbichi, na kutu ya majani haikukosekana. Mwaka 1973 serikali ilitaifisha mashamba makubwa ya walowezi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, KNCU ikiwamo, na vilipokuja kurudishwa miaka ya 1980 vilirudi na majengo yake na jina lake, ila imani haikurudi yote. Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa ukishikilia bei ulikatika, na kufikia 2001 ratili ya arabika iliuzwa New York chini ya nusu dola, bei ambayo haikuweza kumlipa mwenye kuchuma, sembuse mwenye shamba. Watu wakang'oa mibuni, wengine mchana na wengine usiku, wakapanda nyanya, mahindi na ndizi za kuuza. Ruvuma, Kagera na Songwe zikatupita.

Sasa upepo umegeuka. Mwanzoni mwa 2025 ratili ile ile ilipita dola 4 katika soko la New York. Huko Lyamungu, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa 1934, wataalamu wametoa miche ya vikonyo isiyoogopa chulebuni wala kutu, na maelezo ya namna ya kuipanda yanapatikana kwa kila atakaye. Kwa nini basi ukipita Uru au Kirua bado unaona mibuni ile ile ya zamani, mirefu, imekonda, imeota kuvu, ikizaa kidogo mno kila mwaka? Niliuliza swali hili mwaka jana katika kijiji ambacho sitakitaja, kwa mama mmoja ambaye ni jamaa yangu wa mbali.

Nilimsalimu, "Shikamoo, mama mkubwa," akaniitikia na kunikaribisha, akanipa kigoda. Nikamwuliza kwa nini asing'oe mibuni mizee akapanda vikonyo, naye ana nguvu bado na ana ng'ombe wawili wa samadi.

"Mwanangu," akasema, "si nilishampigia simu kaka yako? Akaniambia, mama usiguse kitu, tutaongea Desemba."

Nikamwuliza, Desemba mliongea?

"Desemba kulikuwa na arusi ya mtoto wa mjomba wake. Na jiko lilikuwa linajengwa upya."

Mazungumzo ya namna hiyo, kwa maneno haya au mengine, yanarudiwa kila tarafa, kutoka Siha hadi Rombo. Huyo kaka si mtu mbaya. Humtumia mama yake fedha kila mwezi, amemwekea umeme na tangi la maji, na siku akifariki dunia ataletwa kwa gari refu azikwe kando ya baba yake chini ya masale, kama ipasavyo. Ila kwake kihamba kimekuwa mahali pa kuzikwa na mahali pa Krismasi, hali kwa mama yake ni mahali pa Jumatatu. Naye mama hawezi kung'oa mti, hawezi kukopa kwa dhamana ya shamba, na katika daftari la chama cha msingi kijijini pale jina lililoandikwa ni la mumewe, ambaye ana miaka kumi na moja kaburini. Anapokwenda kupokea malipo huyapokea kwa niaba ya marehemu.

Upande wa mabinti ni mgumu zaidi. Mila iliweka, kwa kawaida, kwamba mtoto wa kwanza wa kiume apewe kihamba, kitinda mimba arithi boma la baba, wa kati watafutiwe au wajitafutie, na binti aende kula kwa mumewe. Palipokuwa na ardhi tupu ya kufungua, mpango ule ulikuwa na hekima yake. Siku hizi ardhi tupu hakuna. Vipande vimegawanywa hata vingine havitoshi kugeuzia gari. Na binti aliyeachika au asiyeolewa, aliyerudi nyumbani akamwuguza baba na mama hadi pumzi ya mwisho, huambiwa baada ya arobaini afungashe, kwa sababu kitinda mimba aliyeko Mbeya anataka kuweka mpangaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekataza waziwazi mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu huko Mwanza ilikwisha kutoa hukumu, katika shauri lililotoka Kagera, kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kama aiuzavyo mwanamume. Sheria ipo basi. Lakini ni mama gani wa Kibosho atakayekwenda mahakamani kumshitaki mwanawe, naye ndiye atakayemzika?

Wazee wanalo jibu, na si jibu la kupuuzwa. Husema: tukimpa binti, mjukuu atakuwa wa ukoo mwingine, na kesho kaburi la babu litakuwa katika uwanja wa mgeni. Hofu hiyo naielewa. Nauliza tu kama haijatimia tayari kwa njia nyingine, maana ukipita kando ya barabara kuu utaona vihamba vilivyokatwa viwanja vya mita ishirini kwa thelathini na kuuzwa na hao hao warithi wa kiume kwa watu wasiojulikana hata wanatoka wapi, na makaburi yamebaki yamebanwa kati ya baa na duka la vifaa vya ujenzi. Aliyeuza hakuwa binti.

Fauka ya hayo, mila yenyewe haikuwa jiwe. Zamani kihamba kilichoachwa hakikungojea. Kilirudi mikononi mwa ukoo au mangi, akapewa mtu wa kukikalia. Mbuni wenyewe, ambao leo tunauapia kama mti wa mababu, uliletwa na padre na ukapiganiwa na karani. Na ule mfongo ulikuwa na sharti lake: asiyetokea kusafisha hapati maji. Kwa nini sharti la maji lisiwe sharti la ardhi? Sidai kwamba aliye mbali anyang'anywe. Abaki na nyumba yake, abaki na haki ya kuzikwa kwao, abaki na kiti chake katika mkutano wa ukoo. Ninachodai ni kwamba amri ya kupanda na kung'oa, fedha ya mazao, jina katika daftari la chama na hati ya kimila ya kuitumia ardhi viwe vya yule anayelala pale usiku wa Machi na usiku wa Agosti, awe mama, awe binti, awe mtoto wa kiume wa kati aliyeamua kurudi. Na kwamba kihamba kisigawanywe tena chini ya kadiri inayoweza kulisha ng'ombe mmoja na kuzaa gunia moja la kahawa, hata kama wagawanyaji wote wamekubaliana.

Jambo hili halihitaji waziri. Linahitaji wasia ulioandikwa mzee angali hai na mwenye akili timamu, mbele ya mashahidi wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji, na linahitaji warithi waliosoma, wanaojua kuandika mikataba ya mamilioni huko maofisini kwao, wakubali kuandika ukurasa mmoja kwa ajili ya mama yao. Nimeona koo mbili zilizofanya hivyo, moja Mamba na moja Machame. Katika ile ya Machame binti wa tatu ndiye mwenye shamba sasa. Amepanda vikonyo, ameongeza ng'ombe, na kaka zake wanaporudi Desemba huchinja mbuzi waliyemnunua kwake kwa fedha taslimu, tena bila ya kupunguziwa.

Basi nawaomba ninyi mnaosoma haya mkiwa Sinza au Mikocheni, au London, ambao boma lenu mlimani lina mnyororo getini: msingojee mkutano wa Krismasi. Pigeni simu leo, mwulizeni aliyeko angependa kupanda nini, na mmwambie apande. Masika huanza Machi, na mche wa kahawa uliopandwa masika haya hautazaa kabla ya miaka mitatu.